Usiku tuliovuka mbili

Jumanne iliyopita, yapata saa nne usiku, tulipata 2.63.

Najua namba hiyo peke yake haimwambii mtu kitu. Nilipompigia mama kesho yake aliniuliza kama ni alama za mtihani. Nikamwambia hapana mama, ni jibu la swali aliloniuliza mwanafunzi mmoja mwaka 2016, nilipokuwa nafundisha Muheza, nami nikashindwa kumjibu. Mama akasema, "Basi mtafute umjibu." Nimemtafuta, nimemwandikia. Na kwa kuwa nimeshaandika, naweka na hapa, maana naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Ilikuwa darasa la kidato cha sita. Nilikuwa nimefundisha jinsi nuru inavyotikisika, kwamba kuna mtikisiko wa wima, wa ulalo na wa kila pembe iliyo katikati. Kifaa changu kilikuwa kikokotoo kibovu. Ukikifungua na kubandua kioo chake kwa wembe, taratibu, utapata karatasi ngumu ya plastiki yenye rangi ya majivu. Hiyo karatasi hupitisha mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu na kuuzuia ule unaoukingama. Nilikata vipande viwili nikavipandisha kimoja juu ya kingine mbele ya dirisha. Vikikaa sawa, unaona mwembe wa nje. Ukizungusha kimoja robo mzunguko, mwembe unazimika. Darasa zima lilitaka kushika.

Baada ya kipindi kijana mmoja alinifuata ofisini. "Shikamoo madam." Marahaba. Alikuwa amesoma mahali kuhusu chembe mbili za nuru ambazo, hata zikitenganishwa mbali namna gani, ukiipima moja unajua ya pili itajibu nini. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Madam, mbona hilo ni jambo la kawaida? Nikichukua pea ya ndala nikatia kila moja kwenye boksi lake bila kuangalia, boksi moja likaenda Mwanza na lingine likabaki hapa, nikifungua la hapa nikakuta ndala ya kushoto, ya Mwanza najua ni ya kulia. Zilikuwa hivyo tangu dukani." Nikamjibu kwamba wanasayansi wameshaonyesha kuwa fotoni, yaani hizo chembe za nuru, si ndala. Akauliza, "Wameonyeshaje?"

Sikujua. Nilisema tutalirudia, hatukulirudia, akafanya mtihani akaondoka. Limenikaa moyoni miaka yote hii, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu. Baadaye nilikuja kugundua kuwa John Bell mwenyewe, mwanafizikia wa Belfast aliyelifanyia kazi suala hili kuliko mtu yeyote, alieleza jambo lilelile kwa soksi. Alikuwa na mwenzake wa Vienna, Reinhold Bertlmann, aliyekuwa na mazoea ya kuvaa soksi za rangi mbili tofauti: ukiona mguu mmoja umevaa waridi, unajua wa pili si waridi. Kijana wa Muheza alifika penyewe kwa njia yake.

Kwa sasa naishi Jena, mashariki mwa Ujerumani, mji ambao Carl Zeiss alifungua karakana yake mwaka 1846 na ambao tangu hapo unakula na kulala lenzi. Nasomea uzamili wa mambo ya nuru. Muhula huu tumepewa zoezi la kupima mfungamano wa fotoni, yaani ule udugu wa chembe mbili alioutaja kijana, na mimi nililiomba kabla halijagawiwa.

Kabla sijaingia maabara nieleze hiyo mbili iliyo kwenye kichwa cha habari, maana ndiyo jibu lenyewe. Tafadhali isome polepole. Haidai hesabu zaidi ya kujumlisha na kutoa.

Chukua wanafunzi wawili, mmoja chumba cha kushoto, mwingine chumba cha kulia, hawaonani wala hawasikiani. Wa kushoto ataulizwa swali moja kati ya mawili, na wa kulia vivyo hivyo, kati ya mawili yake. Jibu ni chanya moja au hasi moja, basi. Wanaruhusiwa kukutana kabla ya mtihani na kupanga majibu yote wapendavyo. Hizo ndizo ndala: kila kitu kimeamuliwa dukani. Sasa kila mmoja ana karatasi yenye majibu mawili. Tutazidisha jibu la kushoto kwa jibu la kulia katika michanganyiko yote minne ya maswali, tujumlishe mitatu na tutoe mmoja, ule wa swali la kwanza la kushoto na la pili la kulia.

Angalia karatasi ya kulia. Ama majibu yake mawili yanafanana, ama yanatofautiana. Yakifanana, swali la kwanza la kushoto halichangii kitu, maana linazidishwa kwa tofauti yao ambayo ni sifuri, na swali la pili linazidishwa kwa jumla yao, ambayo ni mbili chanya au hasi. Yakitofautiana, inakuwa kinyume chake. Kwa vyovyote vile kila jozi ya karatasi inatoa 2 au hasi 2. Rudia mtihani mara milioni, badilisha mipango kila siku, wastani hautavuka 2. Hauna pa kupitia.

Wazo hili ni la Bell, mwaka 1964. Umbo hili la kujumlisha michanganyiko minne liliandikwa mwaka 1969 na John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt. Kabla ya hapo, tangu Einstein, Podolsky na Rosen walipoandika makala yao mwaka 1935, watu walibishana kama chembe zinabeba majibu yake tangu mwanzo au la, na wengi waliona ni ubishi usio na mwisho, wa kwenye kahawa. Bell aliutoa kwenye kahawa akauweka mezani. Pima, hesabu, tazama kama umevuka 2. Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, inasema kwa fotoni zilizofungamana, ukichagua pembe vizuri (pembe ya kichujio ndiyo swali, kupita au kuzuiwa ndiyo jibu), unaweza kufika hadi 2.83.

Meza yetu ni bamba zito la chuma lenye matundu ya skrubu kila baada ya milimita 25. Upande mmoja kuna leza ya zambarau ya nanomita 405, jamii ya zile zinazosoma diski za Blu-ray. Mwanga wake unazungushwa kwanza ili utikisike kwa nyuzi 45, nusu wima nusu ulalo. Kisha unapita kwenye kipande chembamba cha kwatzi, halafu unaingia kwenye fuwele mbili za bariamu borati, kila moja nusu milimita, zimebandikwa pamoja huku moja imegeuzwa robo mzunguko.

Hapo ndipo jozi zinapozaliwa. Fotoni nyingi mno zinapita moja kwa moja. Moja kati ya mabilioni inapasuka kuwa mbili, kila moja na nusu ya nishati, nanomita 810, ambazo jicho halizioni. Zinatoka kila moja kwa upande wake, zimeachana na mstari wa leza kwa nyuzi 3 hivi. Fuwele moja huzaa jozi ambazo zote mbili ni za ulalo. Nyingine huzaa jozi ambazo zote ni za wima. Na kwa kuwa leza imekaa nyuzi 45, hakuna alama popote duniani inayosema jozi hii imetoka fuwele ipi. Ulalo na ulalo, pamoja na wima na wima, vyote viwili kwa mpigo. Huo ndio mfungamano. Fotoni moja ukiitazama peke yake haina mwelekeo wowote. Mwelekeo ni mali ya jozi.

Kila upande una kichujio cha mtikisiko kinachozungushwa kwa mkono (ndugu wa ile karatasi ya kikokotoo), lenzi ndogo, faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), na kihisio cha silikoni kinachotoa pigo moja la umeme kwa kila fotoni kinachoikamata. Vihisio hivi haviwezi kustahimili mwanga wa kawaida, kwa hiyo tunafanya kazi gizani. Siku ya kwanza namba za upande wa kulia zilikuwa juu bila sababu. Tulitafuta nusu saa mpaka mwenzangu, dada mmoja wa kutoka Pune, alipoona kitaa cha kijani kwenye kisanduku cha umeme, kidogo kama punje ya mtama. Tukakiziba kwa gundi ya karatasi nyeusi, namba zikashuka.

Kwenye skrini kuna safu tatu: kushoto, kulia, na pamoja. Safu ya "pamoja" huongezeka pale tu vihisio vyote viwili vinapopiga ndani ya nanosekunde 8, yaani sehemu nane za bilioni za sekunde. Katika muda huo nuru yenyewe husafiri mita 2.4 tu. Kushoto tulikuwa na kama 40,000 kwa sekunde, kulia karibu hivyo hivyo. Kwa bahati tu, bila udugu wowote, fotoni za namba hiyo zingekutana kama mara 13 kwa sekunde. Sisi tulikuwa tunaona karibu 2,000.

Tulianza na vipimo rahisi. Vichujio vyote wima: 1,970 kwa sekunde. Kimoja wima, kingine ulalo: 30. Mwenzangu alifurahi, lakini mimi nilimkumbuka kijana wangu, maana ndala nazo zingefanya vivyo hivyo! Jozi zilizoamuliwa tangu kuzaliwa kuwa za wima au za ulalo zingetupa namba zilezile. Ukipima pembe hizo tu, hujathibitisha lolote. Inabidi ugeuze vichujio vyote viwili nyuzi 45. Ndala zilizoamuliwa wima au ulalo hapo zinachanganyikiwa: kila moja ina nafasi nusu kwa nusu ya kupita, na undugu wao unapotea. Fotoni zilizofungamana zinapaswa kuendelea kupatana.

Zetu hazikupatana. Vichujio vyote kwenye nyuzi 45: 1,300. Kimoja 45, kingine hasi 45, ambapo tulitarajia karibu sifuri: 700. Tulifanya vipimo vyote hata hivyo, tukajumlisha. 1.79. Chini ya mbili. Usiku ule nilitembea hadi bwenini kandokando ya mto Saale kwenye baridi, nikiwaza kwamba labda ndala zimeshinda.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye maandalizi nilikuwa nimekifunga kile kipande cha kwatzi kikiwa kimesimama wima kabisa, nikadhani kazi yake ni kuwepo tu. Kazi yake ni kulinganisha hatua. Uwezekano wa ulalo na uwezekano wa wima ni kama wapiga ngoma wawili wa wimbo mmoja: wakipishana mapigo, kila mmoja anapiga sawa lakini wimbo hausikiki. Kwatzi ukiiinamisha kidogo, inamchelewesha mmoja mpaka wakutane. Jumanne nilishika skrubu yake, mwenzangu akasoma namba ya 45 na hasi 45 kwa sauti gizani. Mia saba. Mia sita na kitu. Mia nne na tisini. Mia mbili na themanini. Nilikuwa naizungusha kwa ncha za vidole, pungufu ya upana wa ukucha kila mara. Mia moja na ishirini. Mia moja. Mia moja na arobaini, nimepitiliza. Nikarudi. Mia moja.

Kabla ya kupima upya nikamwomba mwenzangu jambo moja ambalo halikuwemo kwenye mwongozo wa zoezi. Nilimwambia azungushe kichujio cha kulia apendavyo, bila kuniambia, nami nitazame safu ya kushoto peke yake. Akazungusha kama dakika tatu. Nilikodoa macho. Kushoto ilikaa pale pale, 40,000 na mtetemo wake wa kawaida. Hakuna kilichonijulisha kuwa upande wa pili kuna mtu anageuza kitu. Nilipohamisha macho kwenye safu ya "pamoja", ilikuwa inapanda na kushuka kama bahari.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu nimechoka na video zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikisema sayansi imethibitisha kuwa mawazo husafiri papo hapo, kwamba mtu wa Ulaya anaweza kumponya mtu wa Tanga kwa "nguvu za kwanta", halafu chini kuna namba ya kutuma pesa. Shangazi yangu aliwahi kuniuliza atume ngapi. Nimekaa mbele ya fotoni zilizofungamana kweli. Upande mmoja peke yake haubebi ujumbe wowote. Unapata kelele, nusu inapita, nusu haipiti, chochote kile mwenzako akifanya. Undugu unaonekana pale tu orodha mbili zinapoletwa pamoja na kulinganishwa, na orodha husafirishwa kwa waya, simu au basi, kwa mwendo uleule wa kila siku. Anayekuuzia zaidi ya hapo anakudanganya.

Pembe tulizotumia ni 0 na 45 kwa kushoto, 22.5 na 67.5 kwa kulia. Kila mchanganyiko unapimwa mara nne, pamoja na pembe zilizogeuzwa robo mzunguko, ili kuhesabu zilizopita na zilizokataliwa. Vipimo 16, sekunde 10 kila kimoja. Katika michanganyiko mitatu vichujio vimepishana nyuzi 22.5, na fizikia ya kwanta inasema jozi zitapatana mara 85 katika kila 100. Katika ule wa nne, tunaoutoa, vimepishana 67.5 na jozi zitapatana mara 15 tu. Kijuujuu hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba hakuna mpango wa majibu, hata ungepangwa na nani, unaoweza kuzitimiza namba hizo nne kwa pamoja.

Tukageuza, tukasoma, tukageuza, tukasoma. Wakati tunahesabu nilimfikiria Stuart Freedman, aliyefanya kazi hii na Clauser kule Berkeley akiwa bado mwanafunzi. Walitumia atomi za kalsiamu badala ya fuwele, na walihitaji saa 200 hivi za kupima. Walichapisha mwaka 1972. Clauser aliingia akitumaini fizikia ya kwanta itashindwa. Ikashinda, naye akaandika alichokiona. Namheshimu sana kwa hilo.

Lakini ninayempenda zaidi ni Alain Aspect, na sababu yangu ni ya kiualimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, badala ya kwenda jeshini, alipelekwa Kameruni kufundisha, akakaa miaka mitatu. Huko ndiko alikojisomea fizikia ya kwanta kwa makini. Yaani moja ya majaribio makubwa ya karne iliyopita lilianza kuiva kichwani mwa mwalimu wa sayansi barani Afrika, baada ya vipindi. Aliporudi Ufaransa alikwenda Geneva kumwona Bell, na Bell alichotaka kujua kwanza ni kama ana ajira ya kudumu, maana jambo hili siku hizo lilikuwa linaweza kumharibia kijana kazi. Mwaka 1982, Orsay, karibu na Paris, timu yake ilipata 2.697. Kwenye jaribio jingine la mwaka huohuo walibadilisha pembe kila baada ya nanosekunde 10 hivi huku fotoni ziko njiani, pande mbili zikiwa zimeachana mita 12, umbali ambao nuru huuvuka kwa nanosekunde 40.

Sisi hatukufanya hivyo. Vichujio vyetu haviko mbali hata mita moja, tunavigeuza kwa mkono, na fotoni nyingi hazikamatwi. Mtu mbishi anaweza kusema pande mbili zilinong'onezana, au kwamba tulizokamata si mfano mzuri wa tulizozikosa. Ana haki ya kusema hivyo mbele ya meza yetu. Mbele ya majaribio ya 2015 hana: Delft (Uholanzi), kwa elektroni ndani ya almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3, na Vienna na Boulder (Marekani), kwa fotoni. Mianya yote miwili iliyomsumbua mbishi ilizibwa kwa mara moja. Mwaka 2022 Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walipewa Nobeli. Bell alikuwa ameshafariki tangu 1990.

Kipimo cha 16 kilipokwisha, mwenzangu akabonyeza kitufe cha kukokotoa. 2.63, na shaka ya 0.01 huku na huku. Tumevuka mbili kwa zaidi ya mara 60 ya shaka yetu. Nilimwomba asome tena, akasoma. Machozi yalinilenga, sikuona haya.

Kijana yule sasa ni fundi umeme, ana mke na mtoto mmoja, yuko Handeni. Nilimtumia picha ya karatasi yenye vipimo 16 na maelezo marefu ya zile karatasi za majibu. Kimya siku nzima. Juzi usiku akajibu kwa sauti, nyuma yake mtoto analia. "Shikamoo madam. Nimeandika michanganyiko yote, iko kumi na sita, kila mmoja nimepata mbili au hasi mbili. Kwa hiyo ndala hazikuwa za kushoto wala za kulia kabla ya kufungua boksi?" Nikamwambia kwamba mtu anayekataa kuwa pande mbili huwasiliana kwa siri, kasi kuliko nuru, hana jibu lingine jepesi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa madam, boksi la kwanza likifunguliwa hapa, na la Mwanza likafunguliwa dakika ileile, nani kamwamulia mwenzake?"

Nimeanza kumwandikia.